Neno Mama Kwenye Kompyuta ya Mjomba

Juzi kifungo cha shati langu la shule kilikatika nikiwa nabeba ndoo, na Bi Salma akafungua pakiti mpya ya vifungo vyeupe ili anitafutie kinachofanana. Sijui kama wewe unayesoma umewahi kunusa pakiti ya vifungo ikifunguliwa. Ina harufu yake, kitu kati ya chaki na sahani mpya ya plastiki, halafu kwa mbali mafuta ya taa. Harufu hiyo ikinipata huwa sina ujanja. Nilimwachia shati, nikaenda uani nikajifanya naanua nguo.

Nilikulia ndani ya harufu hiyo. Baba ana fremu Kariakoo, kwenye korido ya jengo moja refu upande wa Msimbazi, anauza vifaa vya mafundi cherehani: vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, lesi, ndoana za sketi. Fremu yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakitaka kupishana, mmoja lazima avute tumbo. Kuta zimejaa maboksi madogo hadi darini. Kwenye uso wa kila boksi kimeshonwa kimoja cha vile vilivyomo ndani, kifungo au kipande cha zipu, ili mteja asisumbuke kueleza anataka nini. Ananyoosha kidole tu. Mtu mwenye aibu kama mimi alipapenda sana pale, kwa sababu wateja waliongea na maboksi, hawakuongea na mimi.

Aliyeshona vile vya nje alikuwa mama. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, uzi umebanwa midomoni, anatoboa boksi kwa sindano nene ya magunia. Sikumbuki mteja hata mmoja akimwita kwa jina lake. Kwa kila mtu alikuwa Mama Rukia, na Rukia ndiye mimi. Fundi akitoka Buguruni na haraka zake, anaanza kuita tangu kwenye ngazi kwamba Mama Rukia amtolee zipu nyeusi, ile ndefu. Mimi nimejikunja chini ya kaunta nafanya kazi za shule, jina langu linapita juu ya kichwa changu kutwa nzima. Nilidhani ndivyo majina yalivyo. Unapewa wewe, lakini anayelivaa ni mama yako.

Aliugua kwa muda mfupi. Walimpeleka hospitali asubuhi akiwa anatembea mwenyewe, na pale mlangoni akaniambia nisimpe Dulla ndizi mbivu kwa kuwa tumbo lake lilikuwa halijatulia. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, habari za ndizi. Nimejaribu mara nyingi kutafuta kama kulikuwa na kingine alichosema na sikukisikia. Hakuna.

Dulla ni mdogo wangu. Wakati ule ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Siku za msiba, nyumba yetu ya Magomeni imejaa watu na mikeka hadi barazani, yeye alijikokota mpaka mlango wa chumba cha mama, akawa anaupiga kwa kiganja na kusema mama, mama. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakaangua kilio upya. Mimi sikulia. Nitasema ukweli, nilifarijika. Niliona baba ana huzuni ya mke, Bibi ana huzuni ya mkwe, lakini neno lile analolisema Dulla ndilo lilelile nililonalo mimi, na ndani yake yumo mtu yuleyule. Nikajiambia tuko wawili. Kitu kizito kikibebwa na wawili hata kama mmoja ni mtoto wa kutambaa, bado ni wawili.

Basi, watu wazima wana haraka na mwanamume aliyefiwa na mke. Bibi, yaani mama yake baba, alisema mwanawe hawezi kukaa na watoto kama mlinzi wa ghala. Akatafutiwa mke, na ndiye huyo Bi Salma. Alikuja na sanduku moja na mche wa asumini uliopandwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na mikono yake ilikuwa haitulii, kila inapokaa inatafuta kitu cha kukunja. Bibi akatusimamisha mbele yake kama watu wa kukaguliwa, akatuambia huyu ndiye mama yetu sasa na tumwite mama.

Dulla alikuwa ameanza kuongea. Aliliangalia bakuli la visheti lililokuwa pembeni ya Bi Salma, akasema mama, akapanda mapajani mwake. Watu wakacheka, Bibi akamshukuru Mungu. Mimi nikatoa shikamoo nikiangalia miguu yangu. Tangu siku hiyo nikabuni njia yangu ya kumwita bila kumwita. Nikimtaka, namwendea, nasimama karibu naye mpaka anione. Wakati mwingine alikuwa amenipa mgongo jikoni na mimi nasubiri tu, uji unachemka, mpaka anageuka anashtuka.

Dukani alikaa kwenye stuli ileile. Mafundi hawakuchukua muda. Wao walijua mwanamke anayekaa pale ni Mama Rukia, wakaendelea kumwita hivyo kama vile hakuna kilichotokea. Hata baba, siku moja akiwa juu ya ngazi, akasema Mama Rukia nishikie hili boksi, na Bi Salma akapokea. Jina langu sasa lilikuwa limevaliwa na mtu mwingine na hakuna aliyeniuliza.

Mjomba Hamisi ndiye aliyekuwa akija dukani mwisho wa wiki. Yeye ni kitinda mimba wa upande wa mama, wakati huo alikuwa chuo anasoma mambo ya kompyuta. Nadhani alikuja kwa sababu hakujua pengine pa kumkuta dada yake. Alimsalimia baba, akakaa juu ya robota la nyuzi, akafungua kompyuta yake ya kukunja aliyoinunua mtumba. Kitufe cha herufi M kilikuwa kimeng'oka. Ukitaka M unabonyeza kile kimpira kilichobaki, na ukibonyeza sana ncha ya kidole inauma.

Siku moja akaniinamia chini ya kaunta. "Wewe mpwa, utaota ukungu humo. Hebu toka."

Nikatoka. Hakuwa mtu wa kueleza sana. Alikuwa ananiwekea kitu mbele ananiambia jaribu, ikikataa itasema yenyewe. Nikajaribu kujumlisha, nikajaribu kuifanya iandike jina langu mpaka lijae kioo kizima, nikajaribu kuweka maneno mahali pa namba ili nione itafanya nini. Niliipenda kuliko nilivyopenda darasa lolote. Kompyuta haina uso. Ukikosea inatoa maandishi yake mekundu, unarudia, na hakuna darasa zima linalogeuka kukuangalia. Mjomba alinitania kwamba nimepata rafiki anayefanana na mimi, hasemi mpaka aulizwe.

Kisha kuna jioni aliinua macho akaziangalia zile kuta za maboksi, akaanza kucheka peke yake. Akamwambia baba, "Shemeji, wewe unaishi ndani ya kamusi na hujui." Baba akamjibu kwamba yeye anaishi ndani ya kodi ya pango, hilo la kamusi amwachie mwenyewe. Lakini mjomba alikuwa amepata njia. Akanieleza kwamba kwenye lugha ile ya kuiamuru kompyuta aliyokuwa ananifundisha, yenye jina la chatu, kamusi si kitabu. Ni namna ya kuhifadhi vitu ili uvipate kwa kuvitaja. Kila kitu kina ufunguo wake na thamani yake. Ufunguo ni kama kile kifungo alichokishona mama nje ya boksi, na thamani ni kilichomo ndani. Unataja cha nje, unapewa cha ndani.

Nikaandika duka zima. Zipu, rafu ya juu. Lesi, nyuma ya mlango. Ndoana, kwenye droo. Kila moja ndani ya yale mabano yaliyopinda kama midomo ya mtu anayenuna. Nikiuliza zipu inanijibu rafu ya juu, papo hapo, na mimi naenda kupanda kiti kuhakikisha kama kweli zipo. Zilikuwepo. Nilihisi kama nimeshika duka kwa mkono mmoja.

Halafu nikaandika lastiki, rafu ya chini. Baadaye baba akazihamishia dirishani, nami nikaandika tena lastiki, dirishani. Nikauliza lastiki. Dirishani, ikajibu. Nikauliza tena, nikitegemea itaje na ile ya kwanza. Dirishani.

"Ile ya rafu ya chini imeenda wapi?"

"Haipo," mjomba akasema.

"Haipo vipi, na mimi niliiandika?"

"Ufunguo mmoja, thamani moja, mpwa wangu. Ukiweka mpya, ya zamani inaondoka. Wala haigombi."

Alisema hivyo akiwa anatafuta viatu vyake, akaenda kununua juisi ya miwa. Kwake lilikuwa somo la jioni ile, limekwisha. Mimi nilibaki na kompyuta mapajani. Feni inazunguka, baba anahesabu vifungo vya mteja kwa kuvisukuma vinne vinne kwenye kaunta. Nikaandika neno mama, nikibonyeza kile kimpira, na mbele yake nikaweka jina halisi la mama yangu, Mwanahawa. Nikauliza. Ikanijibu Mwanahawa. Tangu tusome arobaini sikuwa nimemsikia mtu akilitaja jina lile, na sasa nilikuwa nimeuliza na nimejibiwa. Nikauliza tena na tena kwa raha ya kulisoma.

Kisha nikafanya lile nililokuwa naliogopa. Nikaandika mama, nikaweka Salma. Nikauliza. Salma.

Nilisubiri maandishi mekundu. Kompyuta ile ukikosea alama ya mkato ilikuwa inalalamika mistari mitatu, lakini kwa hili haikusema neno. Nilishuka chini ya kaunta na mjomba alipofika na miwa nikasema tumbo linauma.

Mnajua utoto ulivyo. Niliamini vichwa vya watu navyo viko vile. Niliona wazi jinsi ilivyotokea. Fundi anaita Mama Rukia, Bi Salma anaitika, na ndani ya kichwa cha fundi mama yangu ameondoka bila kugomba. Baba naye vilevile. Hao niliwaacha, ni watu wazima. Aliyeniumiza roho ni Dulla. Kila alipokimbia akisema mama akamkumbatia Bi Salma magotini, mimi nilikuwa nahesabu hasara. Nilikuwa naona yule mtu tuliyembeba wawili anapungua upande wake, na karibu atabaki kwangu peke yangu.

Nikaanza kumfundisha Dulla amwite Bi Salma anti. Nilimwambia ndivyo watoto wakubwa wanavyosema. Alilichukua kwa fahari, na wakati wa chakula akanyoosha sahani yake mbele ya watu wote akasema anti, naomba mchuzi. Bibi akaacha kula. Akauliza ni nani aliyemfundisha mtoto adabu hiyo, na akaniangalia mimi. Bi Salma akamwekea Dulla mchuzi, akamchagulia na kiazi.

"Mwache, mama," alimwambia Bibi. "Ataniita anavyoweza."

Baada ya siku chache Dulla akarudi kwenye mama, kwa sababu ni mtoto na anti lilimchosha. Mimi ndiye niliyebaki na ile sauti ya Bi Salma. Nilitaka awe mbaya. Ingekuwa rahisi sana kama angekuwa mbaya.

Na akazidi kuniharibia. Kuna fundi mmoja mzee wa suruali, mteja wetu wa siku nyingi, alikuja akamwita Mama Rukia kama kawaida na kuomba vifungo vya koti. Bi Salma alimpimia, akamfungia, na alipokuwa anampa mfuko akamwambia taratibu, kama anayemrekebishia mtu kola, "Baba, mimi naitwa Salma. Mama Rukia ni yule aliyeshona haya maboksi." Mzee akavua kofia, akasema Mwenyezi Mungu amrehemu, akaondoka akiangalia kuta. Bi Salma hakujua kuwa nipo chini ya kaunta. Au alijua. Mpaka leo sijawahi kumuuliza.

Mwisho wa wiki ile mjomba alikuja amelowa mvua. Bi Salma akampa kanga ajifute na kikombe cha chai ya tangawizi. Mjomba akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, dada."

Yeye alikuwa na dada mmoja tu duniani. Nilingoja mpaka Bi Salma ameenda kuosha vikombe bombani, nikamwambia, "Umemwita dada."

"Nimemwita. Amekaa mahali pa dada yangu, analea watoto wa dada yangu. Nimwite nani, bosi?"

"Na dada yako je?"

Mjomba akaacha kunywa. Nikamweleza yote, haraka haraka na vibaya, lastiki na rafu ya chini, fundi, baba, Dulla, kwamba ufunguo ni mmoja na thamani moja na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia. Hakucheka. Nje spika ya machinga ilikuwa inaita watu waje kwenye soksi, inamaliza, inaanza tena.

"Tangu lini unatembea na hili?" akauliza.

Akafungua kompyuta, akaigeuza ili sote tuone, akaandika mama. Mbele yake hakuweka jina. Akaweka mabano ya mraba, ndani yake akaandika Mwanahawa, alama ya mkato, Salma. Akaniambia thamani bado ni moja, lakini thamani yenyewe inaweza kuwa orodha, na kwenye orodha wanakaa wengi unavyotaka. Akaniachia niulize mwenyewe. Nikauliza. Yakatoka majina yote mawili, yamekaa pamoja kama watu kwenye benchi.

"Dada yangu ndiye wa kwanza," mjomba akasema. "Unamwona? Aliyekuja nyuma yake hajamsukuma." Kisha akajifuta uso kwa ile kanga, ingawa maji ya mvua yalikuwa yameshakauka.

Jioni ile nilirudi Magomeni na furaha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa na dawa. Sikumkuta mtu barazani, nikapita moja kwa moja uani. Dulla alikuwa amechuchumaa anapanga visoda kwenye mstari, anaviita askari. Nikachuchumaa naye. Nikamwambia nina habari nzuri, kwamba anaweza kumwita Bi Salma mama, sina neno tena, kwa sababu mama ni wawili na wote wanaenea.

Akalipokea kama fumbo la shuleni, anataka apatie. "Mmoja mama Salma."

"Eeh. Na mwingine?"

Akafikiri. Akahamisha askari mmoja. "Mwingine ni yule aliyekufa," akasema. "Mama yako."

"Na wako pia, Dulla."

Akatikisa kichwa polepole, bila ubishi, kama mtoto mwenye adabu anayekataa chakula nyumbani kwa watu. "Wako, dada. Mimi simjui."

Nilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hicho. Nilikuwa nimejiandaa kumkumbusha. Nilidhani nitamtajia jina, nitamtajia ile stuli na uzi wa midomoni, na mahali fulani ndani yake patafunguka. Nikamfikiria alivyokuwa akiupiga ule mlango kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama kweli alikuwa anamwita mtu. Labda alikuwa na njaa. Labda ni ile sauti tu ambayo watoto wote wa dunia huanza nayo. Muda wote ule nilikuwa naogopa kwamba Bi Salma anamfuta mama ndani ya Dulla, kumbe hakukuwa na cha kufuta, mdogo wangu alikuwa anapata mama kwa mara yake ya kwanza. Na ule mzigo wa watu wawili, nilikuwa nimeubeba peke yangu tangu siku ya maziko, naongea na mwenzangu ambaye hayupo.

Dulla aliniona nimenyamaza. Ana huruma tangu utoto, hapendi mtu anyamaze karibu yake. Akaacha askari wake, akaja akaniegemea begani, akauliza kile alichoona kitanifurahisha.

"Alikuwa anakupenda?"

"Alikuwa anatupenda," nikamwambia. "Wewe alikubeba mgongoni mpaka dukani."

Akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyosikiliza habari za watoto wa watu wengine. Halafu akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.